Kila Mtoto na Jerikeni Yake

Kwa miaka minne niliandika kazi za watoto kwa mkono wangu mwenyewe, nikazisahihisha kwa kalamu nyekundu, nikajipa tiki zote. Sitanii. Mchana watoto wakishalala kwenye mikeka, mimi na mwalimu mwenzangu tulikuwa tunaketi na rundo la madaftari ya bebi klasi, tunashika penseli kwa mkono wa kushoto ili herufi zitoke zimepinda kidogo, tunajaza ukurasa wa a, a, a, a, halafu chini tunachora nyota. Ijumaa jioni mzazi anafungua begi, anakuta daftari limejaa, roho yake inatulia. Mtoto mwenyewe ana miaka mitatu na miezi miwili, na hiyo a hajawahi kuonana nayo.

Shule yenyewe siitaji. Ilikuwa Kampala, ukutani wamechorwa twiga na sungura, na mwenye shule hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye mkopo wa benki. Siku yangu ya kwanza aliniambia kwa upole kabisa, "Ticha, mzazi halipii mchezo. Mzazi analipia daftari." Na alisema kweli. Huku Uganda elimu ya awali haiendeshwi na serikali. Sheria ya elimu ya mwaka 2008 iliiachia mikononi mwa watu na mashirika binafsi, gharama zikabaki kwa wazazi. Kwa hiyo mzazi ndiye bosi. Akihamisha mtoto, na mshahara wangu umehama.

Kabatini kwa mkuu kulikuwa na mwongozo wa ujifunzaji wa watoto wa miaka 3 hadi 6, uliotolewa mwaka 2005 na kituo cha taifa cha mitaala, NCDC. Ulieleza vizuri tu kwamba mtoto wa umri ule anajifunza kwa kucheza, kuimba, kusimulia, kushika vitu. Wa kwetu ulikuwa safi, haujakunjika hata ukurasa mmoja. Mkaguzi akija unawekwa mezani, akiondoka unarudi kabatini.

Kulikuwa na mtoto mmoja pale, nitamwita Kadogo, ingawa silo jina lake. Alishika penseli kwa ngumi, kama mtu aliyeshika mwiko wa kusongea posho. Nilikuwa namkunjua vidole kimoja kimoja, navipanga: gumba hapa, cha shahada hapa, cha kati chini yake. Nikiachia, ngumi inarudi. Napanga tena. Ngumi. Siku hiyo darasani tulikuwa na watoto arobaini na wawili, mvua imenyesha, choo kimeziba, na mimi nina mimba ya miezi saba. Nikachukua rula nikampiga juu ya vifundo vya vidole. Si kwa nguvu, ndivyo nilivyojiambia. Hakulia. Aliutazama mkono wake kana kwamba ni wa mtu mwingine, kisha akauficha nyuma ya mgongo. Tangu siku hiyo, nikimwita kupokea kitu, alikuwa ananyoosha wa kushoto.

Hiyo ilikuwa mwaka 2015. Mwaka uliofuata Sheria ya Watoto ikarekebishwa, adhabu ya viboko shuleni ikapigwa marufuku, tukasomewa barua kwenye mkutano wa walimu. Ningependa kusema niliacha rula kwa ajili ya sheria. Sikuacha. Niliiweka kwenye droo tu, karibu.

Cha ajabu ni kwamba mimi mwenyewe niliwahi kuwa mtoto wa namna ile. Nilizaliwa kambini. Baba alikuwa polisi, Mlugbara, mama Mteso, walikutana katikati kwa Kiswahili, na Kiswahili ndicho tulichokulia pale Nsambya, kwenye kambi ya polisi ya Kampala. Ukitoka nje ya geti ukakiongea, watu waligeuka kukuangalia, huyu ama baba yake ni askari ama ni mwizi. Shule nilianza nikiwa sijui Kiganda, na Kiingereza ndicho hicho kwanza kinafundishwa, kwa hiyo nilikaa kimya mwaka mzima. Kwenye ripoti wakaandika kwamba mimi ni mzito. Nikirudi kambini nilikuwa naongea mpaka majirani wanafunga madirisha. Ningekuwa na akili ningekumbuka hayo nilipokuwa mwalimu.

Mume wangu ni Msamia wa Busia, mpakani na Kenya, nikamfuata huko mwaka 2017. Busia ni dunia nyingine. Kiswahili hapa hakimtishi mtu, ni lugha ya soko, ya wachuuzi, ya bodaboda (na hilo neno lilizaliwa mpakani huku, enzi za baiskeli zilizovusha watu boda hadi boda). Samaki mmoja ana majina matatu kulingana na mnunuzi: mukene kwetu, omena kwa Mkenya, dagaa akitokea Mtanzania. Nikajiunga na kozi ya cheti cha malezi ya watoto wadogo, ile ya kusoma wakati wa likizo. Nilikwenda kutafuta karatasi ya kuniongezea mshahara.

Siku ya tatu mkufunzi akaingia na picha mbili za eksirei, akazibandika kwa gundi kwenye kioo cha dirisha ili mwanga upite. Moja ni mkono wa mtu mzima, nyingine ya mtoto wa miaka mitatu. Kwenye kifundo cha mtu mzima kuna mifupa midogo minane, imebanana kama kokoto. Kwenye kile cha mtoto tulihesabu mitatu. Kwingine kote ni weusi mtupu. Akatueleza kwamba pale peusi hapako wazi, pana gegedu, laini, na eksirei haiioni kwa sababu haijawa mfupa. Mtoto huzaliwa bila hata mmoja kati ya ile minane kuonekana. Miwili hutangulia ndani ya miezi ya mwanzo, mingine inafuata mmoja mmoja kwa miaka, na wa mwisho unachungulia mtoto akiwa na miaka minane hata kumi na miwili. Wasichana hutangulia kidogo. Mifupa si habari yote, akasema, kuna misuli na ubongo pia, lakini mifupa angalau inapigika picha.

Mama mmoja wa makamo aliyekaa nyuma akauliza, "Sasa mtoto huyo anaandika na nini?"

"Na bega," mkufunzi akajibu. "Kwanza bega, halafu kiwiko, halafu kifundo. Vidole huwa vya mwisho kufika."

Watu wakacheka. Mimi nilikuwa natazama pale peusi kwenye kioo, na aliyosema baada ya hapo sikuyasikia.

Hata hivyo darasa ni darasa, mtu unatoka unasahau. Kilichonikaa kichwani nilikiona nje ya nyumba yetu, kwenye bomba la kupampu. Ilikuwa jioni, mama mmoja na watoto wake wanne wamekuja kuchota maji. Mama ana jerikeni ya lita ishirini. Binti mkubwa ya kumi. Anayemfuata ya tano. Wa miaka kama sita ana ile ya lita tatu. Na wa mwisho, hata miaka mitatu hajatimiza, amejitwika kikopo cha mafuta ya kupikia cha nusu lita, kimefungwa kwa kizibo cha gunzi, maji yanamchirizika usoni na anatembea kwa maringo ya mtu aliyebeba kisima kizima. Hakuna aliyempa ya lita ishirini ili azoee mapema. Na hakuna aliyemwambia abaki nyumbani kwa sababu hajaweza. Nimeyaona hayo maisha yangu yote, lakini jioni ile nilisimama nikawahesabu mpaka yule mama akaniuliza kama nina shida.

Sisi tunaijua hii kazi. Kwenye maji tunaijua, kwenye kuni, kwenye kubeba mtoto mgongoni: wa miaka minne atambeba mdoli wa maganda ya migomba, wa minane atambeba mdogo wake. Ni darasani tu ndipo kila mtu anapopewa ya lita ishirini.

Baadaye nilisoma kwamba hata Marekani ilianzia kwenye ugonjwa huo huo. Chama chao cha elimu ya watoto wadogo, NAEYC, kilitoa mwongozo wa malezi yanayolingana na ukuaji wa mtoto mwaka 1987, kwa sababu shule zao za awali zilikuwa zinashushiwa masomo ya darasa la kwanza. Mwongozo ule ulitaka mlezi atazame mambo mawili: watoto wa umri huu kwa kawaida wanaweza nini, na huyu mmoja aliye mbele yako anaweza nini. Wenzao wengine wakalalamika kwamba umeandikwa kana kwamba watoto wote wa dunia wanatoka nyumba za aina moja, kwa hiyo toleo la 1997 likaongeza jambo la tatu, nyumba na utamaduni anaotoka mtoto. Umerekebishwa tena 2009 na 2020. Nimesema hivi kwa kuwa kwenye kozi zetu hilo la tatu hutajwa mwishoni, wakati kengele ya chakula imeshalia. Tuligawiwa orodha ya kupima watoto iliyouliza kama mtoto anatumia kijiko na uma na kama analala kitandani peke yake. Huku mtoto anakula kwa mkono vizuri kabisa na analala na bibi yake. Kwa orodha ile mtaa wetu wote umechelewa kukua.

Halafu Machi 2020 shule zikafungwa. Nyingine zilifunguliwa kidogo kidogo, zikafungwa tena. Sisi wa awali hatukufungua mlango hata siku moja hadi tarehe 10 Januari 2022. Karibu miaka miwili. Nilikaanga chapati. Watoto wa mtaa, pamoja na wangu, walikaa uani kwangu kutwa kwa sababu kulikuwa na kivuli na kulikuwa na chapati zilizoungua.

Mchezo wao mkubwa ulikuwa forodha. Wanafunga kamba kati ya mwembe na nguzo ya kuanikia nguo, upande huu Uganda, upande ule Kenya. Afisa ana simu iliyokufa sikioni. Wachuuzi wamejifunga leso, mizigo kichwani. Mbadilisha fedha ameketi juu ya tofali na vizibo vya soda, vya rangi moja vya Kenya, vya nyingine vya Uganda, na bei amepanga mwenyewe: kimoja cha Kenya kwa vitatu vya Uganda. Mbadilisha fedha huyo alikuwa na miaka mitano na nusu. Nilimjua, alikuwa amekaa kwa mwalimu mwenzangu akihesabiwa miongoni mwa wasioweza hesabu, moja kujumlisha mbili ubaoni ilikuwa inamtoa machozi. Sasa mteja anampa vinne vya Kenya, anamrudishia kumi na viwili bila kukohoa, na akijaribiwa kudanganywa anaita polisi.

Mdogo kuliko wote, wa miaka mitatu kasoro, alikuwa ndiye kamba. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yake: kuinua na kushusha. Wenzake wakubwa walimpangia wenyewe, hakuna mtu mzima aliyewafundisha. Na asipokuwepo mpaka haufanyi kazi.

Nilipofungua kituo changu mwaka 2022, vyumba viwili nyuma ya duka la jumla, upande wa Sofia karibu na soko, nilianza na watoto tisa na ile kamba. Ada shilingi elfu moja mia tano kwa siku, au hamsini ya Kenya, uji na chakula cha mchana ndani yake. Wengi ni watoto wa kina mama wanaovuka mpaka na mzigo. Nilidhani sasa nimeshajua. Nilikuwa najua ya miaka mitatu hadi sita. Ya chini ya hapo nilifundishwa na muumaji.

Alikuwa na mwaka mmoja na miezi minane, mnene, mcheshi, mashavu kama maandazi. Wiki ya kwanza aliuma watoto wanne, na mimi mara mbili. Mama wa mmoja aliyeumwa alikuja na mwanawe begani, akamvua fulana, akanionyesha alama za meno, miezi miwili michanga inayotazamana. "Ticha, dawa ya hii unaijua," akasema. "Mwume na yeye asikie." Mama wa muumaji alikuwepo, akaitikia, "Mwume tu, mimi nimekuruhusu."

Nakiri nilifikiria. Badala yake nikachukua daftari, moja kati ya yale ya bebi klasi niliyobaki nayo, nikachora mistari: saa ngapi, wapi, nani, na kabla ya kuuma kulitokea nini. Baada ya wiki mbili lilikuwa na meno kumi na moja. Tisa kati ya hayo yalitokea kati ya saa tano na nusu na saa sita na robo. Saba yalitokea dirishani, mahali ambapo lilikaa gari la bluu la plastiki, gari letu pekee. Nikalitazama daftari lile kwa muda mrefu. Nilikuwa natafuta tabia mbaya ya mtoto, na nilichokipata ni njaa, msongamano na gari moja.

Uji tukausogeza kutoka saa sita hadi saa tano. Gari nikalificha. Mzee jirani akatutengenezea mipira sita ya majani makavu ya migomba, kama ile tuliyochezea wote, yote ukubwa mmoja, malipo yake chai na chapati mbili. Maana mtoto wa umri ule humwambii agawane. Hana uchoyo, zamu bado haijamwingia, "subiri" kwake ni sawa na "hupati kamwe". Na maneno yake yalikuwa hayazidi kumi. Nikamfundisha moja zaidi, "leta," pamoja na kufungua kiganja. Akitoa meno, nafungua kiganja chake mwenyewe, nasema, "Leta." Siku ya kwanza mara ishirini, mgongo ukaniuma.

Wiki ya tano aliuma mara moja tu, na siku hiyo uji ulichelewa kwa sababu kuni zilikuwa mbichi, kwa hiyo lile jino ni langu. Lakini "leta" zilizidi hadi mama yake akaja kulalamika kwamba nyumbani anamdai kila kitu. Niseme hapa: angekuwa na miaka minne na nusu, anaongea vizuri, na bado anauma hivyo, ningeuliza maswali mengine kabisa, na ningeanzia kwao.

Kuhusu usingizi niliumbuka kwa haraka zaidi. Kule Kampala tulilaza wote saa saba kwa fimbo, na aliyesinzia kabla ya hapo alimwagiwa maji usoni. Kwangu kulikuwa na mtoto aliyelala saa nne asubuhi kila Jumanne na Ijumaa, analala kama gogo, mwenzangu akamwita mvivu. Jumanne na Ijumaa mama yake huenda Majanji ziwani kufuata samaki. Saa kumi alfajiri mtoto yuko mgongoni tayari. Shirika la Afya Duniani lilitoa miongozo mwaka 2019: mtoto wa miaka 3 na 4 anahitaji usingizi wa saa 10 hadi 13 kwa siku, wa mchana ukihesabiwa humo, na asikalishwe mahali pamoja zaidi ya saa moja mfululizo. Piga hesabu ya mtoto yule mwenyewe. Tukamtandikia mkeka wake pembeni, siku hizo mbili, saa nne. Basi.

Shida yangu kubwa haikuwa watoto. Ilikuwa ni Ijumaa jioni.

Mama mmoja muuza mukene, mwenye binti wa miaka mitatu na nusu, alinijia akiwa amekasirika kwa adabu, ambayo ni hasira mbaya kuliko zote. "Ticha, mwanangu ana miezi mitano hapa na sijaona daftari. Wa jirani yangu anaandika mpaka mia." Beseni lake lilikuwa mlangoni. Nikamuuliza lina kilo ngapi. Ishirini na tano, akasema. Nikamwambia, "Basi leo mtwike binti yako akufikishie forodhani."

Akacheka. "Shingo yake bado."

"Ataweza lini?"

Akafikiri, kwelikweli, kama anayepiga hesabu ya mtaji. "Kilo moja hata sasa anabeba, kwenye kikarai. Mwakani mbili. Hii yote, labda akifika kumi na sita, na hata hapo nimsaidie kujitwika."

"Na ukimlazimisha sasa?"

"Ataichukia biashara. Na shingo itapinda."

Nikamwambia mkono wake uko kama shingo yake. Nikamsimulia eksirei. Akanisikiliza, akapokea mtoto, akaaga. Ile ya shingo aliikubali. Ile ya mkono hakuikubali siku hiyo.

Nilimwomba aje asubuhi moja akae. Alikuja Alhamisi, siku isiyo na soko kubwa, akaketi kwenye kigoda. Binti yake alikuwa anachambua maharage: mawe kwenye kopo hili, maharage kwenye sufuria, yaliyooza chini. Anaokota moja moja kwa gumba na cha shahada, ulimi nje. Nikamwambia mama atazame vidole tu, asitazame maharage. "Vidole hivyo ndivyo vitakavyoshika kalamu." Alitazama kimya. Kisha akasema, "Hayo maharage si hata nyumbani yapo?" Nikamwambia yapo, ndiyo. Akanitazama kama mtu aliyegundua kwamba analipia elfu moja mia tano kwa maharage.

Sitaki kudanganya kwamba wote walielewa. Muhula ule niliondokewa na watoto watano, wakahamia shule yenye sare na tai kwa watoto wa miaka mitatu. Mmoja alirudi. Mwaka uliofuata mvulana wangu mmoja alikwenda kufanya usaili wa darasa la kwanza kwenye shule ya binafsi, akaambiwa aandike miezi kumi na miwili kwa Kiingereza, akaandika mitatu. Baba yake alinipigia simu, nikayasikia yote aliyokuwa nayo. Ningeweza kumweleza kwamba tangu 2007 mtaala wa taifa wa darasa la kwanza hadi la tatu umejengwa juu ya lugha ya mahali mtoto alipo, na kwamba miezi ile ni kazi ya shule kumfundisha. Nilijibu, "Pole, Baba." Hoja zangu hazingemrudishia ada ya usaili.

Kwa hiyo siku hizi nina daftari. Ni la topu klasi peke yake, waliokwisha kutimiza mitano na nusu, robo saa asubuhi, baada ya kupanda mwembe na si kabla. Wengine watasema nimesalimu amri. Labda. Wapo pia wanaolidai kabla ya wakati: kuna wa miaka minne aliyejifunza herufi kutoka kwenye magunia ya unga, anakwenda akizisoma kwa kidole, nikampa mkaa na sakafu nzima ya veranda. Huyo jerikeni yake ni ya lita tano, nani nimpokonye. Wa chini ya hapo, kazi zao zinakaa ukutani: karatasi za saruji zilizochorwa kwa mkaa, mistari mikubwa ya bega. Wazazi wengine wanapita bila kugeuza shingo. Mmoja alizipiga picha.

Na ile kamba bado ipo, kati ya nguzo mbili za mlango, kwa sababu huku hatuna mwembe mahali panapofaa. Jumatano iliyopita, saa kumi na moja jioni, muuza mukene alirudi kumchukua binti yake. Akakuta mpaka umefungwa.

"Simama. Umebeba nini?" Afisa ana miaka minne na nusu.

"Beseni tupu, mkubwa."

"Lipa."

"Tupu nalipia nini?"

Afisa akainama, akanusa beseni, akafikiri. "Lipia harufu."

Mama yule akajaribu kubaki na uso wa biashara, akashindwa. Akafungua fundo la leso, pale anapoficha hela za kweli, akatoa vizibo viwili vya soda. Sijui alikuwa navyo tangu lini. Binti yake, ambaye siku hizi ndiye kamba, akavihesabu kwa kidole, akatosheka, akainua kamba kadiri mkono wake ulivyofika, ambako si juu sana, na mama yake akapita ameinama.